Malalamiko Kuhusu Kompyuta Isiyonguruma

Sikonge, Alhamisi

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Video ya Kwaya (ambaye nyumbani ni Mjomba Eliya, shikamoo),

Kwa heshima zote, mimi Zablon, mpiga picha na mhariri wa video wa kwaya yetu, naleta malalamiko juu ya kompyuta mliyoninunulia. Kama ujuavyo, Jumapili hii tunamuaga Mama Recheli, aliyeongoza sauti ya kwanza miaka thelathini na minane hadi ugonjwa wa koo ulipomnyang'anya sauti. Wimbo wake wa Pasaka ndio pekee tuliowahi kumrekodi. Kila jioni anapita kwangu, ananyoosha kidole kwenye kompyuta, yaani bado? Naona aibu kumjibu. Sababu ni hizi:

1. Dukani Tabora mjini kulikuwa na laptopu mbili. Moja ilikuwa na kadi ya picha ya kwake, yenye memori yake na feni mbili. Nyingine haina kadi hiyo wala feni; prosesa yake inapiga hesabu zote na kuchora picha pia, kwa memori ya kuazima. Wewe, Mjomba, kwa kuwa ni mfuga nyuki, uliitegea sikio ile ya kwanza, ukatamka kwamba kitu kinachonguruma namna ile kimechokozwa, na kama mzinga wa nyuki wakali, hakifunguliwi mchana. Nilitaka kueleza kuwa ndani hamna nyuki, lakini mwenye duka alishakubaliana nawe.

2. Mweka hazina wetu, Mama Gaudensia, akaongeza kuwa kadi yenye memori ya peke yake ni choyo, na nyumba ya Kikristo hula sinia moja. Amina. Ila sinia lenyewe ni la giga nane. Mfumo wa kompyuta ukishakula, programu ya kuhariri ikishakula, video inakuta ukoko.

3. Ulinikumbusha kuwa babu zetu wapagazi walipita Kwihara na mizigo vichwani hadi pwani, bila kadi ya kuwasaidia. Ni kweli, Mjomba, ila walitumia miezi mitatu. Wimbo wa dakika sita nilianza kuutoa uwe video kamili tangu Jumatatu. Jana ulifika asilimia ishirini na moja. Leo uko kumi na tisa.

4. Nimejitahidi. Redio nyumbani haiwashwi tena, na jogoo nimemhamishia kwa jirani yangu Sixbert. Nimefuta sauti ya pili yote, watu tisa, maana mashine haiwezi kuwabeba. Wakiuliza, waambie ni uamuzi wa kamati.

Kwa hiyo naomba kamati inunue kompyuta yenye kadi yake kabla ya Jumapili. Ikishindikana, kwaya ivae nguo za rangi moja na kupigwa picha upya juu ya sauti ile ile, bila kuyumba wala kupepesa macho, tusiichoshe prosesa. Na hilo likishindikana, Jumapili isogezwe hadi Jumatano.

Nisalimie wote hapo nyumbani, wanakamati wote, na mizinga yako yote, hasa ile mikali.

Wako katika kazi ya Bwana, na katika kusubiri,
Zablon

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, Mama Recheli ameingia. Ameketi, akatazama kioo cha kompyuta, akaanza kunyooshea kidole mapambo ambayo barua hii ilisahau kuyataja: njiwa kumi na wanne wanaoruka, maua yanayonyesha tangu ubeti wa kwanza, na jina lake lililoandikwa kwa herufi zinazotiririka asali. Kwa kila moja alitikisa kichwa. Nikafuta njiwa, nikafuta maua. Asali niliitetea kidogo, nayo ikafutwa. Sauti ya pili nimewarudisha wote tisa. Wimbo ukatoka kabla chai yake haijapoa.

Tumeutazama pamoja. Kwa kuwa kompyuta hii haingurumi, tumesikia hata pumzi aliyovuta kabla ya ubeti wa tatu. Hapo alinishika mkono akalia, nami nikalia. Kisha akanyoosha kidole turudie, na tumerudia mara tano.

Barua hii usiisome kamatini, Mjomba. Ombi langu limebaki moja tu: Jumapili, wimbo ukianza, feni za kanisani zizimwe.