Uwanja wa Biskuti au Uwanja wa Ndege

Jumatatu, 3 Juni

Baba mkwe kasema hatimaye. Macho hayamsaidii tena, daktari kamkataza usukani, na lile gari lake dogo la bluu atampa mkwe mmoja. Mkwe gani? Tuko wawili! Mimi niliyemwoa binti mkubwa, na mwanyumba wangu aliyemwoa mdogo wake. Nina miaka arobaini na moja. Leseni nimeipata miezi miwili iliyopita. Kila asubuhi mke wangu ananishusha kwenye duka la mapazia ninakouza, kama mtoto wa chekechea, na kunikumbusha nisisahau chakula changu. Hilo gari lazima liwe langu.

Mwanyumba, kwa kimbelembele chake, akapendekeza tushindane kwenye mbio za koni. Gari moja moja, unapita kati ya koni za plastiki za barabarani, unapimwa muda, ukiangusha koni unaongezewa sekunde mbili. Hata madereva wapya wanaruhusiwa. Baba mkwe akacheka, akasema atakuja kututazama ndipo aamue. Na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, nichague mashindano. Hapo ndipo walipokosea!

Jumanne, 4 Juni

Jumapili kuna mashindano mawili. Ya kwanza ni kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Mpana, magari arobaini, watu wanakimbia kweli. Ya pili ni uani kwa kiwanda cha biskuti kilichofungwa. Ua mwembamba, magari manane tu, kona juu ya kona. Gari la mwanyumba ni refu kama kabati la nguo. La mke wangu, nitakaloazima, linaweza kugeuka hata jikoni. Nimechagua biskuti. Mwanyumba kakubali bila kuuliza. Maskini.

Mke wangu kauliza mbona nacheka peke yangu. Nikasema nimekumbuka jambo la kazini. Hakuamini.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kwa muuza matairi, ndiye mwandaaji wa mbio za kiwandani. Nikamsifia matairi yake nusu saa nzima. Akalainika, akanionyesha ramani ya koni aliyoichora nyuma ya kalenda. Alipogeuka kupokea simu, nikaipiga picha. Kushoto, kulia, kulia, zunguka pipa, kushoto, nyoosha hadi mwisho.

Jioni nikapanga ndoo na viti vya plastiki uani, nikapita kwa miguu na mfuniko wa sufuria mkononi ndio usukani. Mara thelathini. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akamwita mkewe naye aje aone. Shauri yao. Njia hiyo naijua hata nikifumba macho.

Alhamisi, 6 Juni

Wazo limenijia nikipima dirisha la mteja. Magari manane! Nikipitwa na wale sita wengine mbele ya baba mkwe, nitaiweka wapi sura yangu? Lakini tukibaki wawili tu, hata nikishindwa mimi ni wa pili. Nani atamcheka mshindi wa pili?

Nikaingia kwenye kundi la simu la madereva wapya, nikaandika kwa huruma kubwa kwamba nimesikia ule ua wa kiwanda umejaa misumari. Si uongo. Nilijisemea kwa sauti kwanza, masikio yangu yakasikia.

Ijumaa, 7 Juni

Sita wote wamejitoa kabla ya saa nne asubuhi. Akili ni mali!

Saa kumi jioni muuza matairi kaandika kwa hasira. Mashindano yake yamefutwa, magari mawili hayatoshi, kila mtu, hata waliojitoa, ahamie uwanja wa ndege. Tena anamtafuta aliyetunga habari ya misumari, maana watu sasa wanamuuliza kama kaimwaga mwenyewe ili auze matairi.

Nikaigeuza simu kifudifudi. Mke wangu akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamuuliza kajuaje. Kumbe naye yumo kwenye lile kundi, tangu aliponifundisha kuendesha.

Jumamosi, 8 Juni

Nimempigia baba mkwe kumwomba tuahirishe. Nina mafua, nikamwambia. Akasema hata yeye anayo, tutakutana huko huko.

Jumapili, 9 Juni

Kabla ya kuanza, madereva wote huipitia njia kwa miguu ili waikariri. Mimi sikuipitia. Muuza matairi alikuwa katikati ya koni akihoji mmoja mmoja, nami nimejilaza kiti cha nyuma chini ya pazia la sampuli.

Mzunguko wa kwanza. Bendera ikashuka, akili ikaruka. Njia iliyobaki kichwani ni moja tu, ya kiwandani. Kushoto, kulia, kulia! Koni kumi na moja chini. Nikatafuta pipa, pipa hakuna, nikazunguka meza ya mpima muda. Mzee wa watu alikimbia na saa yake kifuani.

Mzunguko wa pili nilitaka kulia. Nikaenda nikitafuta koni moja baada ya nyingine. Sikuangusha hata moja. Mpima muda aliuliza kwa kipaza sauti kama gari limezimika. Nimekuwa wa arobaini na nane. Tulikuwa arobaini na nane.

Mwanyumba kawa wa tatu kati ya wapya. Akaja meno nje, kiganja wazi, kupokea ufunguo. Baba mkwe akampita, akauweka mkononi mwangu.

"Mwanangu, mimi nina kliniki kila Ijumaa, na mgongo mbovu," akasema. "Mwenzako ataniwahisha kwa Mungu. Wewe safari hii ya pili umeendesha kama uliyebeba mayai."

Nikaupokea kwa mikono miwili. Machozi yakanitoka kweli. Gari langu!

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda kazini na gari langu. Nimeliegesha mlangoni kabisa, wateja wakawa wanaingia ubavuubavu.

Furaha imeishia saa tatu. Mwanyumba kasambaza maneno ya baba mkwe, na kundi zima sasa linaniita Mzee wa Mayai. Bosi naye kaniita hivyo. Mteja aliyefuata mapazia kaniuliza trei bei gani.

Haivumiliki! Mimi si mtu wa kwenda taratibu. Jumapili ijayo kuna mashindano mawili tena, moja kwenye maegesho ya soko, jingine kwenye machimbo ya kokoto. Nimechagua machimbo, ndiko wanakokimbia zaidi. Nimeliandikisha gari la bluu kwa jina la mke wangu, baba mkwe asijue. Tatizo ni muda wa mazoezi. Duka linafungwa jioni, sina nafasi hata siku moja ila Ijumaa, nitakapokuwa nampeleka baba mkwe kliniki. Barabara ile ina kona nzuri sana.