Mrija wa Kiko cha Baba

Jumatatu, tarehe 2

Baba amelazwa hospitali ya macho, anatolewa mtoto wa jicho. Anarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Dada ameshaanza fitina. Anawaambia watu kwamba mzee akitoka atakwenda kukaa kwake, maana kwangu hakuna wa kumwangalia. Kwangu! Nyumba ni ya Baba, na tumeishi humu wawili miaka sita tangu Mama atutoke. Dada ni fundi cherehani. Kwake kila kitu kimepigwa pasi, mpaka matambara ya kufutia vumbi. Baba amesema ataamua akirudi.

Akihama nitabaki na nani? Na redio mbovu za watu?

Kwa hiyo nina mpango. Akute nyumba inang'aa. Nimeanza na kiko chake cha udongo chenye mrija wa tete. Mama alikifinyanga kwa mkono wake mwaka waliooana. Kinanuka tumbaku ya miaka arobaini. Nimekitumbukiza kwenye beseni, maji ya moto, sabuni ya unga kijiko kimoja. Viwili, kwa usalama.

Saa kumi jioni. Mrija umekunywa maji, umevimba, umepasua shingo ya kiko. Vipande vitatu. Kimoja kina alama ya kidole gumba cha Mama, pale chini alipobonyeza udongo ukiwa mbichi. Ndipo Baba anapokishikia anapovuta. Nimekaa sakafuni. 

Jumanne, tarehe 3

Gundi. Mimi ni fundi redio, nimeunganisha vitu vigumu kuliko hiki. Kimeshika, huwezi kujua. Nikatia tumbaku, nikawasha ili nikijaribu. Gundi ikatoa povu, kisha moshi mweusi, kisha kichwa cha kiko kikaangukia mapajani mwangu na moto wake. Suruali moja imekwenda.

Dada akachagua wakati huo huo kupita. Akauliza hiyo ni harufu gani. Nikasema redio ya mteja imeungua. Akaitazama suruali, akanitazama mimi, akasema kama kujitunza mwenyewe ni shida, mzee nitamweza? Nilikuwa na jibu kali sana. Limenijia alipokwisha kuondoka.

Alhamisi, tarehe 5

Kwa mfinyanzi. Mama yetu ndiye aliyemfundisha kazi. Nikamwambia natafuta kiko cha rafiki yangu. Akauliza Baba anaendeleaje. Huyu mama anaona mno.

Akanipa viko vitatu nivijaribu pale pale uani. Mimi sijawahi kuvuta maisha yangu yote. Cha kwanza, tundu la mrija halikukutana na tundu la kichwa. Nilivuta mpaka masikio yakaziba. Cha pili udongo wake mwembamba, kimeniunguza vidole, nikakitupa. Cha tatu kikavutika vizuri ajabu, moshi laini, nikajiona mtu mzima mwenye busara zake. Baada ya dakika tano nilikuwa nimeukumbatia ukuta wa watu natapika.

Uongo ukaniishia. Nikamtolea vile vipande. Alivishika, akajifuta macho kwa nyuma ya mkono, udongo ukabaki shavuni. Amesema atanifinyangia kama kile. Akaniuliza na huu mstari kwenye alama ya kidole, auweke? Nikasema huo ni ufa tu, asiuweke. Kisha akanionya: mrija uchomekwe ukiwa mkavu, na maji yasiuguse kabisa, tete ikilowa inavimba na kiko kinapasuka. Nikamwambia hilo nalijua kuliko yeye. Akanishauri pia nimwambie Baba ukweli. Nikasema nitafikiria. Sikufikiria.

Limebaki suala la kidole. Changu kipana. Katika ukoo wetu mwenye kidole gumba chembamba kama cha Mama ni mmoja tu. Mtihani gani huu.

Jumapili, tarehe 8

Nimekwenda kwa Dada na kiko kibichi ndani ya kitambaa chenye unyevu. Nikamwambia mfinyanzi anapima ulaini wa udongo wake, anahitaji kidole cha mwanamke asiye na haraka. Ni uongo ambao nimeutunga njiani na hata mimi haukuniridhisha.

Dada akaweka mkasi chini. Akakitazama kiko, akanitazama mimi. Akabonyeza. Kisha hakuutoa mkono. Akauliza kama nakumbuka Mama alivyokuwa akitupa mabaki ya udongo tubonyeze vidole, halafu anajifanya hajui kipi ni cha nani. Nikasema sikumbuki.

Nakumbuka. Nakumbuka hata harufu ya udongo wenyewe. Ningemwambia yote palepale, maneno yalishafika mdomoni. Nikaaga, nikaondoka.

Alhamisi, tarehe 12

Kiko kimechomwa, kimetoka salama. Kizuri! Tatizo ni kipya mno, kina ladha ya tofali. Nikampa mlinzi wa ghala la jirani, ambaye tangu asubuhi hadi jioni moshi haumkauki, anivutie mpaka kizoee tumbaku. Jioni nikakifuata. Hataki kukitoa. Anasema kiko kimemzoea yeye. Tumebishana mbele ya wapita njia, watu wazima wawili tunavutana kiko. Nimekikomboa kwa kumtengenezea redio yake bure, na amenitaka radhi kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

Jumamosi, tarehe 14

Dada amemleta Baba akiwa na kitambaa kwenye jicho moja. Nyumba nzima inang'aa. Hakuitazama. Aliketi kwenye kiti chake akaomba kiko.

Nikampa. Kidole chake kikaenda chini ya kichwa cha kiko, kikaona alama, kikapita juu yake mara moja, mara ya pili, kikasimama. Akauliza kwa upole hiki kidole ni cha nani. Nikasema cha Mama, cha nani tena. Baba akasema kidole cha mama yenu kilikuwa na kovu la kisu, mstari uliokikata katikati, na kwamba ameupapasa mstari huo kila siku ya maisha yake tangu amuoe.

Dada aliangalia sakafu.

Baba hakukasirika. Heri angekasirika. Alisema ningemwambia kimevunjika, tungekaa tukalia wote wawili yakaisha. Sasa hajui humu ndani ni kitu gani kingine kimebandikwa. Akamwomba Dada amchukulie mto wake.

Walipoondoka nikakitoa kile kipande chenye alama ya Mama, nikakipeleka dirishani. Mstari upo. Umenyooka kabisa, wala si ufa.

Jumatatu, tarehe 16

Nimepika chai ya watu wawili. Kikombe chake kimepoa mezani. Nimetengeneza redio moja, nikaiacha inaongea kutwa ili nyumba iwe na mtu. Namhitaji Baba kuliko anavyonihitaji yeye. Sijawahi kuliandika hilo popote.

Ijumaa, tarehe 20

Dada amekuja. Nilijiandaa kwa matusi, hakuwa nayo. Amesema Baba hajavuta tangu siku ile na kila akisikia hatua nje anauliza kama ni mimi. Ametumwa. Jumapili niende kula nao, na nipeleke kile kiko, maana kidole kilichopo ni cha mwanawe na hilo linamtosha. Ila mrija anataka ule wa zamani, wenye alama za meno yake, kwa sababu mdomo wake umeuzoea. Tukishavuta tutazungumza habari ya yeye kurudi nyumbani.

Kurudi! Nikageuka ukutani kama natafuta bisibisi.

Pale mlangoni Dada akaniambia, ndugu yangu nakusihi, peleka kama kilivyo, usiongeze kitu. Akanishika bega. Hajanishika bega tangu tumzike Mama.

Jumamosi, tarehe 21

Nimeupata mrija. Ulikuwa juu ya dirisha nilikoutupa siku ile, umekauka, hauna kasoro. Lakini mweusi, una vumbi na utando wa buibui. "Kama kilivyo" ni adabu tu ya Baba, hataki kunisumbua. Mtu unamwendea mzazi wako siku kubwa kama ya kesho na kitu kichafu? Dada angefurahi sana kuliona hilo.

Nimeutia kwenye beseni, maji ya moto, sabuni kijiko kimoja. Si viwili, sasa nina uzoefu. Umetakata vizuri mno, alama za meno zinaonekana moja moja. Zaidi ya hayo, asubuhi ulikuwa unachezacheza kwenye shingo ya kiko kipya. Nilipoutoa majini nikauchomeka hivyo hivyo, ukaingia kwa shida, na sasa unazidi kukaza wenyewe.

Nimekiweka mezani karibu na kikombe chake, kikauke taratibu mpaka kesho. Halafu nikaenda kutandika kitanda cha Baba.