Koti Lenye Bitana Nyekundu

Jumatatu, 1 Aprili 1968
Kampuni yetu ya kununua ardhi imetugawia shamba la yule mzungu aliyerudi kwao. Wenzangu wamepata vipande vya barabarani. Mimi, Gerishon, nimepewa cha mwisho, ubavuni mwa msitu wa Kaptagat. Jirani yangu ni mmoja tu: Mwihaki, mjane, fundi wa nguo. Nimemsalimia. Akaitika, akarudi kwa cherehani yake. Nimepika githeri, mahindi na maharagwe, sufuria nzima, nikala peke yangu.

Jumatano, 3 Aprili
Nimegundua! Kule msituni kuna ndege wa kijani. Dume hulia kwa sauti ya kukwaruza, hukimbia juu ya tawi, kisha hufungua mabawa: ndani mekundu kama damu. Halafu humlisha jike tunda. Jike hakatai. Na mimi miaka yote hii nimekuwa nikisalimia watu tu.

Ijumaa, 5 Aprili
Nimeshonea koti langu bitana nyekundu. Nikasimama uani, nikalifungua ghafla. Mwihaki akaacha kuanika nguo, akaja. Moyo ukaruka. Akashika bitana, akasema mshono umepinda, nimpe aunyoshe. Nikakataa. Ndege hapeleki mabawa kwa fundi.

Jumamosi, 6 Aprili
Asubuhi nimelia kama dume, kwa nguvu zote. Wenzangu wa vipande vya barabarani wakaja mbio na panga, wakidhani ni wezi wa ng'ombe. Wasike, dereva wa trakta, akanikuta juu ya mti. Akauliza kama naumwa. Mwihaki akangoja waondoke. Hakucheka.
“Gerishon, kesho nitapika chai,” akasema. “Pitia mlangoni, kama watu. Hata kwangu jioni ni ndefu.”

Jumapili, 7 Aprili
Sikwenda. Jike ndiye humfuata dume. Ningeharibu kazi yote. Nimekaa kwenye tawi na koti langu, nikiita polepole. Mlango wake ulikuwa wazi mpaka mvua ikaanza. Wasike akapita, akaomba kujikinga humo. Nikasikia vikombe. Nimelowa mpaka mifupa.

Jumapili, 2 Juni
Ndoa ya Mwihaki na Wasike imetangazwa kanisani leo. Wasike, mtu asiyejua hata kupiga mluzi! Nimerudi peke yangu, nikatafuta kosa langu mpaka nikalipata. Nilichagua ndege asiyefaa. Wa kuigwa ni hondohondo. Jike wake hujifungia ndani ya shina la mti, dume akamlisha kupitia ufa. Shuleni ameletwa mwalimu mpya wa kike, Nyakio, na nyumba yake ina dirisha dogo sana. Nimeshachuma kikapu cha matunda.