Prosesa ya Mjomba kwenye Arusi ya Nabwile

Jumatatu, 3 Julai 2006. Kibomet, Kitale.

"Prosesa ikishatoka kiwandani na mwendo wake, basi. Hakuna programu ya kuiongezea." Maneno ya Nderitu, mpiga picha wa hapa Kibomet, mbele ya wateja wangu wa video. Uongo! Uongo wa mtu aliyenunua kompyuta mpya kwa kushindwa kuitumia ya zamani. Nimepakua programu ndogo. Unasogeza alama kwenye skrini, prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inakimbia. Hufungui hata skrubu.

Nazihitaji mbio hizo. Jumamosi Nabwile, binti wa dada yangu Rispah, anaolewa Bungoma. Nimeahidi video ya kanisani ionyeshwe ukumbini kabla keki haijakatwa. Kamati ilimtaka Nderitu. Nikawakumbusha mimi ndiye khocha. Mjomba wa Kibukusu haombi nafasi, anapewa.

Jumatano, 5 Julai.

Nimesogeza. Mvua, baridi, makoti mawili mwilini. Mashine inaruka kama ndama. Nikasogeza tena. Nderitu akapita, akashika ubavu wa kompyuta, akasema kwa upole kwamba mwendo huo unaichemsha na Bungoma kuna joto, nipunguze. Wivu. Nilimjibu kuwa sayansi haina wilaya.

Rispah akapiga simu. "Ndugu yangu, msichana niko naye ni huyu mmoja. Kama hiyo kitu haitawezekana, si useme sasa?" Nikamhutubia juu ya maendeleo mpaka salio lake likaisha.

Jumamosi, 8 Julai. Bungoma.

Jua. Ukumbi wa mabati. Wageni wamebanana, keki inayeyuka, mimi naunganisha vipande vya video. Ikafika kwenye pete. Skrini buluu! Nikawasha upya. Pete. Buluu. Rispah alikuwa akiniangalia kutoka meza kuu kama mtu anayehesabu ndugu na kupata pungufu.

Mwishowe Nabwile mwenyewe akaja, na shela lake, akaanza kuipepea mashine kwa kadi ya mwaliko. "Khocha, si uipumzishe? Hata wewe umechoka."

Nderitu, aliyealikwa kula tu, akaichukua kamera yangu, akachomeka waya wake kwenye runinga. Arusi yote ikaonekana. Watu wakapiga vigelegele. Mkanda mbichi! Haujakatwa popote, hauna muziki, hauna hata jina la mjomba likielea juu ya mawingu! Keki ikakatwa.

Jumapili, 9 Julai. Kibomet.

Nimetafakari bila upendeleo. Mwendo hauna kosa. Kosa ni la Bungoma. Asubuhi hii, katikati ya ukungu, video imetoka yote, pete na mawingu, kabla chai haijachemka. Nimesogeza kidogo zaidi, iwe akiba.

Kwa hiyo nyinyi wa kamati ya arusi, mliokula keki bila kuniwekea kipande: mleteni Nabwile na mumewe hapa Kibomet, kabla jua halijatoka, muitazame video niliyowaahidi. Na mvae sweta. Madirisha sifungi.