Inveta Yangu Haimwinamii Mtu

Jumatatu, 4 Agosti

Mwalimu wa darasa la wazee kasema tuandike kila siku, hata mstari mmoja. Mimi naandika ukurasa. Herufi nimezijua nikiwa na miaka sabini na sita. Kabla ya hapo nimelima vitunguu saumu miaka hamsini bila herufi hata moja, na vikaota.

Leo tumefungiwa inveta mpya. Nyumba tano, zote za laini yetu. Inveta ni lile boksi la ukutani linalopokea umeme wa paneli na kuuingiza kwenye nyaya za shirika. Ya zamani ilikuwa jinga. Jua likipamba moto saa sita, laini ikajaa, yenyewe inazima kabisa, kama ng'ombe aliyegoma katikati ya shamba. Ya Pyo Gil-nam, jirani yangu aliye karibu na transfoma, ilikuwa haizimi. Miaka minne yangu inazima, yake inanguruma.

Injinia ni binti mmoja, Tak Yeon-ju, viatu vikubwa kuliko yeye. Kasema hii mpya ina akili. Laini ikijaa haizimi, inajishusha kidogo kidogo mpaka nafasi ipatikane. Ikijishusha, taa ya kijani inageuka njano. Ikikaribia kushindwa, nyekundu. Tuiache ijiongoze yenyewe hadi Jumamosi. Laini ikitulia siku zote hizo, paneli za ukumbi wa kijiji zitaunganishwa.

Paneli hizo ziko juu ya ukumbi majira mawili ya joto sasa. Shomoro wamezaa chini yake. Kila tukiuliza tunaambiwa laini imejaa, ngojeni. Na huko ndani Bibi Bong-rye, mpishi wetu, miaka themanini na minne, alianguka Agosti iliyopita akimenya vitunguu saumu, maana mwenyekiti wa kijiji huzima kiyoyozi saa nane ili kubana umeme. Kwa hiyo jambo si dogo. Nimemwahidi injinia sitaigusa inveta. Pyo akakohoa. Hana kikohozi.

Niandike hili lijulikane. Mimi nimezaliwa Machi, Pyo Julai, mwaka mmoja. Mimi ni mkubwa wake. Anapaswa kuniita kaka. Hajawahi. Ati baba yake alichelewa mwaka mzima kumwandikisha, kwa hiyo yeye ndiye mkubwa. Nikamwambia karatasi ni karatasi. Mhuri wa serikali hausemi uongo. Anayebishana na mhuri akabishane na serikali.


Jumanne, 5 Agosti

Aibu.

Saa tano na dakika kumi taa yangu imegeuka njano. Nikaenda kwenye ua wa Pyo kuchungulia. Yake kijani. Nikarudi. Njano. Nikaenda tena. Kijani, na Pyo mwenyewe amekaa chini yake anakula tikiti, miguu wazi.

Kanisalimu bila kuinuka. Kasema Dal-su, hongera, inveta yako ina adabu, imeniinamia hata kabla ya chakula cha mchana.

Nimempigia simu injinia. Kanieleza polepole kama naye ni mwalimu wa darasa la wazee. Kasema, babu, nyumba zote zinasukuma umeme kuelekea transfoma. Wewe uko mwisho wa laini, lazima usukume kuliko wote, kwa hiyo presha ya umeme inapanda kwako kwanza. Inveta yako inajishusha ili isizime. Si adhabu, ndiyo kazi yake.

Nikamwomba aiamuru ya Pyo ijishushe kwanza. Kasema inveta haijui umri wa mtu. Nikamwambia basi hiyo akili mnayoisifu iko wapi? Hata mtoto wa miaka mitatu anajua kumpisha mkubwa.

Mama Ki-tae, mke wangu, kasema mkubwa jalala, niyabebe. Nimemwambia jalala akawe Pyo.


Jumatano, 6 Agosti

Nimepata dawa. Kichwa hiki hakikusoma lakini hakilali.

Inveta inainama ikiwa na jua. Nikiinyima jua, itainama na nini? Na nina pilipili nyekundu za mchumo wa kwanza, vikapu vinne, zinatafuta pa kuanikwa. Watu wanazianika barabarani, magari yanazikanyaga. Mimi nina paa lenye vioo vilivyolala mshazari, vya moto, visafi. Nikapanda. Nikazitandaza pilipili juu ya paneli zote, nikazifunga na wavu wa vitunguu. Inveta sikuigusa hata kwa kidole. Ahadi ni ahadi.

Taa kijani mchana kutwa. Nikapita kwa Pyo mara tatu nikipiga mluzi.

Saa tisa kipaza sauti cha kijiji kikalia. Mwenyekiti huwa anatangaza gari la samaki na siku ya kupulizia dawa ya mbu. Leo kanitangaza mimi. Kijiji kizima kikasikia, na kijiji cha ng'ambo ya mpunga: Mzee Maeng Dal-su, Mzee Maeng Dal-su, injinia ametoka mjini mwendo wa saa mbili kwa sababu nyumbani kwako tangu saa nne asubuhi kunaonekana usiku. Tafadhali ondoa pilipili zako juu ya mitambo.

Watu wakaja kutazama. Injinia kapanda ngazi mwenyewe. Kasema kwa sauti ndogo, babu, siku ya leo nitaitetea, nitaandika kulikuwa na kivuli. Lakini ikitokea nyingine majaribio yamekufa, na ukumbi utangoja mwaka mwingine. Pyo kasema hicho si kivuli, hicho ni kitoweo.

Bibi Bong-rye alikuwepo, taulo shingoni. Alikuwa anaokota pilipili zangu zilizoangukia mferejini, moja moja, anazifuta kwa aproni, anazitia kikapuni. Kila baada ya pilipili chache anasimama apate pumzi.

Halikuniuma. Nimeandika tu kwamba alikuwepo.


Alhamisi, 7 Agosti

Sikufanya lolote. Njano saa tano na dakika tano. Pyo ameleta vipande vitatu vya tikiti kwa Mama Ki-tae, ati pole. Nimevila ili visimfurahishe.

Mchana nimepanda basi hadi tarafani kwa fundi wa vifaa vya umeme. Ni kijana mwenye heshima, ananiita baba mkubwa. Nimemuuliza kwa ujanja, kama mtu anayeulizia habari za mwenzake. Kasema ni rahisi. Umeme wa paneli unalisha nyumba kwanza, unaobaki ndio unakwenda kwenye laini. Mtu akiula wote nyumbani kwake saa sita, hana cha kusukuma, presha inashuka, taa inabaki kijani.

Akiula wote nyumbani kwake. Maneno ya dhahabu.

Injinia alinikataza kugusa inveta. Alinikataza kuweka kivuli. Kupika wali hakunikataza.


Ijumaa, 8 Agosti

Saa tano kasorobo nimewasha: friji la kimchi, yaani kabichi yetu ya kuchachua, likiwa wazi. Friji la kawaida, wazi. Feni tatu. Sufuria ya umeme ya wali, na nyingine kubwa iliyonunuliwa kwa msiba wa mama. Kabati la kukaushia pilipili, moto wa mwisho. Mashine ya kufulia, ndani gunia moja safi. Na mkeka wa umeme wa kupasha joto majira ya baridi, ambao Mama Ki-tae aliukalia bila kujua, akaruka.

Kasema nimerukwa na akili. Kwamba huu ni Agosti, na mkeka huo ni wa Januari. Nikamwonyesha taa.

Kijani! Saa sita kijani. Saa saba kijani kama jani la mpunga. Maeng Dal-su hainami. Baba yangu hakumwinamia mtu, na babu yangu alimwinamia mkuu wa tarafa mara moja tu, tena alikuwa ameangusha kiko.

Nikavaa shati nikaenda kwa Pyo, nione njano kwa macho yangu.

Kijani. Na si kijani tu. Pyo kalala chali kwenye kitanda cha mbao uani. Kasema Dal-su, leo sijui laini imekunywa dawa gani, tangu majuzi yangu ilikuwa ikigusa njano saa saba, leo haijagusa kabisa, kama barabara imefagiliwa. Nani huyo anayenifagilia, nimpelekee tikiti?

Nimerudi nyumbani nikakaa. Nimeelewa polepole, na ilikuwa afadhali nisielewe. Laini ni moja. Nikila umeme wangu, presha inashuka kwa wote. Nimefungua mafriji mawili na kumuunguza mke wangu ili umeme wa Pyo upite kwa raha.

Na kuna wali wa watu arobaini. Tumekula. Umebaki wa thelathini na wanane, na jioni ukachacha kwa joto.


Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya mwisho ya majaribio, na ndiyo ya mwisho katika zile siku tatu za joto kali ambazo kwa desturi tunakula supu ya kuku. Kijiji chote ukumbini. Mimi nimebaki nyumbani na uamuzi wangu. Siwashi kitu. Nimechomoa hata feni. Heri niwe njano kuliko kuwa mfagiaji wa Pyo.

Lakini watu wote wakiwa ukumbini, majumbani hakuna anayekula umeme. Hilo sikulipigia hesabu. Saa tano njano. Saa tano na nusu taa ikaanza kupepesa nyekundu. Sijawahi kuiona nyekundu. Nilikaa mbele yake, nikaiambia nayo ivumilie kama mimi ninavyovumilia.

Hapo akaingia Bibi Bong-rye. Kaja kwa miguu juani, na kigari chake cha kusukuma, juu yake magunia mawili: la mchele na la pilipili mbichi. Uso umekuwa rangi ya majivu. Kakaa kizingitini. Kasema ukumbini wali umekwisha, sufuria ya pale imeungua, supu ipo na watu wanaitazama. Kasikia kwa Mama Ki-tae kwamba mimi napika wali wa watu arobaini na kukausha pilipili kwa wakati mmoja. Yeye haamini. Kasema Dal-su, wewe ni mtu wa maneno tangu ukiwa na kamasi, nimekuja kuona kwa macho yangu.

Haamini!

Nikawasha. Sufuria zote mbili, na ya tatu ya Mama Ki-tae, ya uji. Nikamtilia pilipili zake kabatini, moto wa mwisho. Nikamwelekezea feni tatu zote yeye peke yake, nikamfungulia friji akae mbele yake. Rangi ikamrudi. Sikuitazama taa hata kidogo. Nilikuwa naosha mchele.

Wali ulipoiva nikaupeleka kwa kigari, mbele ya watu wote. Injinia akanijia mbio na viatu vile, nikadhani nimekwisha. Kumbe anacheka. Kasema saa tano na nusu inveta zote tano zilikuwa zimejishusha mpaka mwisho, zimeshikilia kwa kucha, ya kwako imebakiza dakika mbili izime. Mara mtu wa mwisho wa laini akaumeza umeme wote kwa mpigo mmoja, laini ikatulia. Angekuwa na nyumba nyingine kama hiyo kila kijiji angelala usingizi. Kaniuliza nilijuaje.

Nimemwambia uzoefu.

Saa tisa wakaunganisha paneli za ukumbi. Inveta ya ukumbi ikawaka. Kiyoyozi kikavuma, na mwenyekiti mwenyewe kavunja kidude cha kukizimia saa nane. Bibi Bong-rye kafunga macho, baridi ikampiga usoni. Watu wakapiga makofi. Hata Pyo.

Hapo nikasimama. Nimesema inveta ya ukumbi imezaliwa leo, ndiyo mdogo wa laini, basi kwa adabu iinamie yangu.

Bibi Bong-rye hakufumbua macho. Kauliza funguo za ukumbi zinakaa kwa nani. Kwake. Nani anaiangalia inveta hiyo? Yeye. Kauliza mimi namwitaje. Nikasema, dada. Kwa nini namwita dada? Kwa kuwa ananizidi miaka sita. Kasema basi hiyo ni inveta ya dada yako, na sheria ni yako mwenyewe, mdogo ainame, sasa keti ule.

Pyo alicheka mpaka supu ikamtokea puani.

Bibi Bong-rye kanipa paja la kuku. Nimelila nikiwa nimegeukia ukuta.


Jumapili, 10 Agosti

Saa tano na dakika tano, njano. Nimepita ukumbini. Kijani.

Nimefikiri tangu asubuhi, na ukweli nimeupata. Baba yangu alikuwa mtu mzito kutoka nyumbani. Kila mtu anajua. Zamani zile watoto walikufa ovyo, baba alingoja aone kama mtoto ataishi ndipo atembee hadi tarafani kumwandikisha. Baba yangu alingoja. Mwaka? Hapana. Mimi nakumbuka mambo mengi mno ya zamani kwa mtu wa miaka sabini na minane. Alingoja miaka saba. Na mhuri ni nini? Ni kipande cha mti na wino, kachonga mtu, na mtu hukosea.

Mama Ki-tae kasema ikiwa ni hivyo basi wazazi wake niliwadanganya siku ya posa. Nimemwambia auulize mhuri, si mimi.

Kesho ofisi ya tarafa inafunguliwa saa tatu. Fundi wa umeme kanambia kwa simu kubadilisha umri lazima uwe na shahidi aliyekua nawe. Waliokua nami wote wako makaburini, kasoro wawili, na Dada Bong-rye siwezi kumwomba. Nimekwenda kwa Pyo na tikiti, kubwa kuliko yake. Kakubali kuapa, kwa sharti moja: nami niapie ule mwaka wake mmoja. Nimepiga hesabu vidoleni. Yeye atakuwa na sabini na tisa. Mimi themanini na mitano. Nimekubali.

Shati limepigwa pasi. Basi ni la saa mbili. Dada Bong-rye aanze kuzoeza ulimi kuniita kaka.