Msiuguse Ukuta wa Darasa la Tatu

Ndugu Mhariri,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama sivyo, marahaba. Mimi ni Magdalena Ndassa, mkulima wa huku Ntobeye, bibi yake Agness wa darasa la tatu. Naomba nafasi gazetini niwapinge hao wanaotaka kodi yetu ikarabati shule ya kijiji, eti kwa sababu ukuta umepinda. Jamani, ubadhirifu gani huo! Sababu zangu ni hizi:

1. Ukuta haujaanguka. Mwalimu Irambona alituomba kila mzazi alete mti mmoja wa kuegemezea mgomba, tukauegemeza ukuta vizuri kama mgomba wenye mkungu. Sasa upepo ukija, migomba yetu ndiyo inayolala chini. Si neno, mgomba hausomi.

2. Mabati yametoboka, ni kweli. Lakini mvua ikinyesha, darasa la tatu linahamia la nne. Agness anapanda darasa kila masika bila mtihani. Mzazi gani atakataa maendeleo hayo?

3. Mkaguzi alikuja. Aliutazama ukuta akiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, akasema uko imara. Mtu na elimu yake hawezi kuogopa kushuka. Bila shaka alikuwa na haraka tu.

4. Kodi ina kazi zake. Wakubwa walikaa ukumbini, chini ya dari nzuri, wakajadili usalama wa wanafunzi kwa pilau na kuku. Tukitengeneza ukuta, watajadili nini tena? Mnataka wafe njaa?

5. Kwa hiyo naomba kikao chao kijacho kifanyike darasa la tatu, mvua ikiwa imekolea, na wenye vyeo vikubwa wakae upande wa ukuta. Miti ya kuongezea tutaleta wenyewe, bure.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na huyo atakayeifupisha barua hii.

Ni mimi, mlipa kodi mtiifu,
Magdalena Ndassa

N.B. Agness haendi shule wiki hii. Nimemzuia mimi, maana dawati lake liko pale pale ukutani. Asubuhi anavaa sare, anakaa mlangoni, analia akiwaona wenzake wanapita. Naogopa, Mhariri. Chukueni kodi yangu, hata mkiiongeza, mjenge huo ukuta. Wa kwangu nimemzuia. Watoto wa wenzangu wamekaa chini ya ukuta huo sasa hivi ninapoandika.