Darasa la Upande Huu wa Pazia

Jumatatu, 4 Agosti

Cheti kimefika! Nimekichapisha kwa rangi kwenye duka la intaneti la Suhaib na kukibandika juu ya kitanda. Mwalimu wa Kiingereza kwa wageni! Mimi, Théodore wa Bukavu, niliyekuwa mlinzi wa geti hadi mwezi jana. Na si hilo tu. Kituo kimoja cha lugha huko Midrand kinatafuta mwalimu, na mkuu wake, Madam Nomathemba, atakuja Jumamosi ya tarehe 16 kunitazama nikifundisha. Anataka kuona darasa lililo hai. Nikimridhisha, kazi ni yangu. Mkataba! Tai! Buriani geti.

Darasa ninalo. Wanafunzi saba, majirani wa hapa Joubert Park, wanakaa kitandani na kwenye ndoo zilizopinduliwa. Chumba changu ni nusu chumba. Nusu ya pili, ng'ambo ya pazia la maua, anakaa Cyriaque, Mrundi, muuza chai na maandazi. Kiingereza chake chote ni "sharp", yaani sawa, neno la mitaani hapa. Nilimwonyesha cheti. Akasema karatasi ni nzuri, inang'aa. Wivu huo.

Jumatano, 6 Agosti

Somo la salamu na kuomba vitu kwa adabu. Wamekuja watano. Hénock na Belyse hawakutokea. Mafua, bila shaka. Baridi ya Agosti hapa haina adabu.

Ila nimegundua jambo zuri. Nikisema sentensi, darasa linarudia, halafu mwangwi unarudia tena. Chumba changu kina mwangwi! Kama kanisa kuu. Nitamtajia Madam.

Ijumaa, 8 Agosti

Wamekuja watatu. Mwangwi umeongezeka. Katikati ya somo mwangwi ukakohoa.

Nikavuta pazia. Mungu wangu! Hénock, Belyse na wenzao wamejipanga kwenye mabenchi, kikombe mkononi, andazi mdomoni. Cyriaque anauza chai, na somo langu ni nyongeza! Hénock akaniomba radhi, akasema somo ni lile lile, ila upande huu kuna maandazi. Cyriaque hakuona hata haya. "Ewe bwana, mimi nauza chai tu. Sauti yako ndiyo inaingia kwangu bila hodi."

Nikafunga pazia. Jibu nimelipata sasa, tena kali sana, lakini ameshalala.

Jumapili, 10 Agosti

Wazo limenijia kanisani, wakati wa matangazo. Nitafundisha kwa kunong'ona! Mwizi wa masikio ataiba nini?

Jioni nimeanza. Waliobaki nimewaambia kuwa hii ni mbinu mpya kutoka Ulaya, inatunza koo. Marcelline, msusi, mwanafunzi wangu mwaminifu kuliko wote, akauliza kama kweli Wazungu huongea hivyo. Nikamjibu kwamba waliosoma, ndiyo. Ng'ambo ya pazia kimya kitamu. Nimelala kama mtoto.

Jumatano, 13 Agosti

Balaa. Jana Marcelline alipanda teksi kwenda kumsuka mteja Midrand. Teksi za hapa ni basi dogo la abiria wengi, halina kengele. Ukitaka kushuka unapaza sauti, "After robot!", yaani baada ya taa za barabarani. Marcelline akanong'ona. Akanong'ona tena. Ameshushwa Pretoria.

Alirudi amechoka, mteja amempoteza. "Mwalimu, nilisema muzuri kabisa, ni shoferi hakusikia." Nikamweleza kuwa madereva hawakusoma. Amekubali, maskini. Roho iliniuma kidogo. Lakini wale wawili wengine wamesikia kisa hicho, na jioni hii wamehamia ng'ambo.

Kuna baya zaidi. Kwa kuwa sauti yangu haiwafikii tena, Cyriaque ameweka sheria. Anayetaka chai aiombe kwa Kiingereza, sentensi nzima, akikosea wenzake wamsahihishe, arudie. Sentensi zangu! Kutwa nzima nasikia watu wazima wakibembeleza maandazi kwa adabu niliyowafundisha mimi.

Ijumaa, 15 Agosti

Kesho ni kesho. Nina mwanafunzi mmoja. Nimemeza kiburi, nimemwomba Cyriaque aniazime wanafunzi wangu mwenyewe kwa saa moja. Akakubali papo hapo! Akasema tufungue tu pazia, tuwe darasa moja, yeye atamimina chai.

Hapo kiburi kikapanda tena. Profesa asaidiwe na birika? Nikakataa. Mwanafunzi mmoja anatosha. Ndiyo elimu ya kifahari.

Jumamosi, 16 Agosti

Madam amekuja. Alitazama ndoo, akachagua kusimama. Nikaanza somo, na mazoea yana taabu: nikanong'ona! Marcelline naye akanijibu kwa kunong'ona. Madam akasogea. Akasogea tena. Mwisho akauliza kama kuna mgonjwa ndani.

Ndipo ng'ambo sauti ya Belyse ikaomba chai kwa Kiingereza safi, kikombe kimoja, bila sukari, tafadhali. Hénock akamkaribisha. Mwingine akashukuru. Madam akavuta pazia, uso ukamchangamka.

Niliruka kama paka. Nikamwambia hilo nalo ni darasa langu, ngazi ya pili! Akafurahi. Akawageukia, akawauliza mwalimu wao ni nani.

Wakajibu kwa pamoja, kwa sauti, kila neno mahali pake, kwamba mwalimu wao ni Bwana Cyriaque.

Sentensi ile niliwafundisha mimi. Siku ya kwanza kabisa, tena kwa jina langu, na walikuwa wakiivuruga mpaka nikataka kulia. Leo hakuna aliyekosea. Niliumia sana. Na Mungu anisamehe, nikaona fahari pia, machozi yakanilenga.

Madam akamuuliza Cyriaque mbinu hiyo ameisoma wapi. Akajibu kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba ameipata kwa jirani. Madam akacheka, akadhani ni unyenyekevu. Amempa kazi ya kuongoza mazoezi ya mazungumzo. Mimi amenishauri nimwone daktari wa koo.

Jumanne, 19 Agosti

Cyriaque yuko Midrand tangu jana, na tai yangu shingoni. Aliniomba nimwazime. Ningefanyaje?

Nimetafakari kwa kina na kosa nimeliona. Si mbinu. Si mimi. Ni pazia! Pazia ndilo lililoniponza. Darasa jipya litakuwa juu ya paa la jengo letu, peupe kabisa, na nitafundisha kwa sauti ya kupasua anga.

Tayari kuna mwamko. Watu wa jengo la pili wanapanga viti kwenye paa lao, vyote vikielekea kwetu. Fiacre, fundi cherehani wa huko, amenijia mwenyewe kuuliza saa ya kuanza, na kama kweli nitapaza sauti. Nimemhakikishia. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Wapenda elimu bado wapo!

Marcelline atakuja pia. Ameomba tu ruhusa ya kukaa paa lile la pili, anasema lina jua. Nimemwambia akae popote apendapo, mradi anisikie.